MTUMWA WA MTI ASIINGIE UKUMBINI MWETU



Ukumbi wa tawi letu umekwisha. Kwa miaka minne tumechangishana: huyu mfuko wa saruji, yule bati mbili, na asiye na fedha akatoa nguvu za mikono yake. Akina mama walibeba mchanga na maji tangu alfajiri. Leo kuta zimesimama, paa limeezekwa na chokaa imekauka. Kilichobaki ni vitu vya kutia ndani, na hapo ndipo ubishi ulipoingia kabla ya viti kuingia.

Mzee wetu mmoja, mfanya biashara ambaye Mungu amemjalia, amejitolea kuupamba ukumbi huo. Sitamtaja jina, kwa maana ninyi mwamjua na mimi namheshimu. Shikamoo yangu kwake yatangulia mbele ya maneno yangu yote. Mzee huyu hununua samani za kale za Italia, na sasa ataka kulipatia tawi kabati kubwa jeusi lililonakshiwa kwa vipande vyeupe, ambalo muuzaji alimwambia lina umri wa miaka mia tatu. Pamoja na kabati hilo atoa vijana wawili wa mti, weusi ti, wenye vilemba vya rangi ya dhahabu, kila mmoja ameinua taa juu ya kichwa chake. Asema wawekwe mlangoni, mmoja kulia na mmoja kushoto, wawapokee wageni wetu.

Kamati imegawanyika. Wako wasemao: "Zawadi haichaguliwi." Wako wanyamazao kwa sababu mzee huyo ndiye aliyenunua mabati. Mimi sikunyamaza, na nimeambiwa kwamba nimekosa adabu. Basi nayaleta maneno yangu gazetini, ili mkutano wa Jumamosi uamue ukiwa umesikia.

Mimi ni kijana. Kazi yangu ni kuandaa wanachama na kukusanya ada, na elimu yangu ni ya chuo cha ualimu. Lakini chuoni tulifundishwa jambo moja lisilotoka kichwani: usimpe mtoto kitabu ambacho wewe mwenyewe hujakisoma. Nasema vivyo hivyo juu ya samani. Usikiweke chumbani kitu ambacho hujakisoma. Haya, tuwasome vijana hawa wawili.

VIJANA HAWA NI NANI?

Wataliani huwaita "mori", jina walilowapa watu weusi tangu zamani. Anayetaka kuwaona wakubwa wao na aende Venice, katika jumba la Ca' Rezzonico, ambalo ni makumbusho tangu mwaka 1936. Humo mna samani alizochonga Andrea Brustolon, fundi aliyezaliwa Belluno mwaka 1662 na kufa mwaka 1732. Tajiri mmoja wa ukoo wa Venier ndiye aliyemwagizia kazi hiyo. Miongoni mwa vitu hivyo wamo watu weusi waliochongwa kwa abunusi, mti mweusi kama mpingo wetu. Miili yao iko wazi, wamefungwa minyororo, na kazi yao ni kubeba vyungu vya Kichina. Tazameni jinsi fundi yule alivyokuwa hodari: aliuchagua mti mweusi kwa ajili ya ngozi nyeusi, na mti wa rangi hafifu kwa vitu vingine. Alijua anachokifanya, na aliyemlipa alijua anachokinunua.

Wala hawakutoka katika ndoto. Venice ilifanya biashara ya kuuza watu kwa karne nyingi, na watu weusi walionekana katika mifereji yake. Mchoraji Vittore Carpaccio, katika picha ya daraja la Rialto aliyoichora mwaka 1494 hivi, alimweka kijana mweusi mwenye mavazi mazuri akipiga kasia. Mavazi hayo yalikuwa ya bwana wake. Baadaye, katika karne ya 18 na ya 19, karakana za Venice zilichonga "mori" wa taa na wa meza kwa wingi, wakauzwa kwa matajiri na wasafiri wa Ulaya nzima. Wapo wanaochongwa hata leo. Mtumwa wa nyama huugua, huchoka, hula, na usiku hutoroka. Huyu wa mti hali, halali, hatoroki. Ndiyo raha yake kwa bwana.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwa mzee kuchukua mchango wa tawi. Nilifuatana na mtoto wa darasa la tatu, binti wa jirani, aliyenisaidia kubeba daftari. Tuliketishwa vizuri, tukapewa chai na mkate wa sinia. Mtoto akawatazama wale wawili kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mbona hawa hawakukaribishwa kukaa?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Kama ninyi mnalo, mje nalo Jumamosi. Watoto mia mbili watapita katika mlango ule kuja kujifunza kusoma jioni. Kila mmoja atawaona watu wawili wanaofanana na baba yake, wamesimama, wameinua taa, wasiokaribishwa kukaa. Somo hilo litafundishwa kila siku, bila mwalimu na bila ubao.

"NI SANAA TU"

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: "Kijana, hii ni sanaa. Wewe huoni uzuri wa mkono wa fundi?" Nauona sana. Hatuna ugomvi na fundi. Fundi wa Venice alikuwa mtu wa kazi kama fundi wa Bagamoyo, na mara nyingi alilala na njaa ilhali kiti alichokichonga kililaliwa na paka wa tajiri. Ugomvi wetu ni juu ya mahali na heshima. Kitu kama hicho kikiwa makumbusho, chini yake kukaandikwa kilitengenezwa lini, kwa ajili ya nani, na kwa sababu gani, hicho ni ushahidi. Kikiwa mlangoni kinapokea wageni, hicho ni mtumishi.

Na wenzetu wamekwisha kulisema jambo hili huko huko kwao. Mwaka 2003 Fred Wilson, msanii mweusi wa Marekani, aliiwakilisha nchi yake katika maonyesho makubwa ya Venice. Aliwatoa watu weusi wa mji ule katika pembe walimofichika, wa picha na wa mti, akawaweka mbele ya macho ya watu. Mwaka 2015 wasanii na wanachuo walikutana Florence juu ya sanamu hizi hizi, wakaonyesha kazi mpya za kuzijibu. Na Desemba 2017, mke wa mjukuu wa mfalme mmoja wa Uingereza, Princess Michael of Kent, alikwenda katika karamu ya Buckingham Palace amevaa kipini chenye sura ya "mori". Katika karamu hiyo alikuwamo Meghan Markle, ambaye mama yake ni mweusi. Watu walipiga kelele, na mama yule akaomba radhi.

Basi niwaulize. Ikiwa kipini kidogo cha kifuani kiliombewa radhi London, vijana wawili wenye urefu wa mtu watakaribishwaje hapa kwa ngoma na vigelegele?

KABATI NALO LINA MASWALI

Wengine wamesema: "Vizuri, hao wawili tuwaache. Lakini kabati tulichukue." Nami sikutaka kusema bila kuona. Nilimwomba mzee ruhusa, akanipa kwa moyo mweupe, nikaenda na mwanachama wetu mmoja ambaye ni fundi seremala kwa miaka thelathini. Fundi hakulitazama kabati usoni. Alitoa droo zote, akazigeuza, akapiga magoti nyuma ya kabati na tochi.

Akanionyesha mambo matatu, nami nayaandika hapa ili kila mwenye kununua samani kuukuu ajifaidie.

Kwanza, alama za msumeno. Mbao za nyuma zilikuwa na mikwaruzo iliyopinda kama upinde. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyoka. Iliyopinda ni ya msumeno wa mviringo unaozungushwa na mashine, na huo ulienea katika karakana katika karne ya 19. Mbao hizo haziwezi kuwa na miaka mia tatu.

Pili, matundu ya wadudu. Mdudu wa mbao huchimba njia zake ndani ambazo hazionekani, kisha hutoka kwa tundu dogo la mviringo. Kwenye miguu ya kabati hili, njia zilionekana wazi, zimelala juu ya ubao kama mifereji shambani. Maana yake ni kwamba ubao ule ulipasuliwa baada ya kuliwa. Mtu alichukua mbao kuukuu, pengine za nyumba iliyobomolewa, akatengenezea kitu kipya akakiita cha kale.

Tatu, vile vipande vyeupe. Muuzaji alisema vyote ni pembe za ndovu. Fundi alivitazama kwa kioo cha kukuza. Vile vya milango vina vidoto vidogo vyeusi, na hiyo ni dalili ya mfupa. Vile vya droo za kati vina mistari myembamba inayopishana, na hiyo ni dalili ya pembe. Basi kabati hili lina mambo mawili kwa pamoja: palipo na mfupa pana uongo, na palipo na pembe pana kesi.

Nasema kesi kwa sababu hii. Mwaka 1989 mkutano wa mataifa unaoitwa CITES uliwaingiza ndovu wa Afrika katika orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imekatazwa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka ombi hilo. Kitu cha kale chenye pembe chaweza kuvuka mpaka, lakini kwa vibali. Na sisi twajua gharama ya pembe: hesabu ya ndovu wa Tanzania ilianguka kutoka karibu 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Mzee ameniambia kweli tupu kwamba muuzaji hakumpa karatasi ila risiti. Je, ukumbi wa chama uwe na kabati ambalo afisa wa wanyama pori akiingia, mwenyekiti atazame chini?

Na kabla ya CITES kulikuwa na mabega ya watu. Italia haina ndovu. Milan, mji uliotoa makabati mengi ya abunusi na pembe katika karne ya 19, hauna ndovu. Katika karne hiyo Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za Afrika ya Mashariki, na pembe zilifika pwani mabegani mwa watu kutoka bara, kwa miguu, hadi Bagamoyo. Wazee wa wazee wetu walizibeba kwenda, na leo mzee wetu ametoa fedha kuzirudisha zikiwa vipande vidogo kama kucha.

WENYEWE WAFANYAJE?

Mzee wetu si wa kulaumiwa peke yake. Amedanganywa na biashara ya siku nyingi. Huko Florence, mwishoni mwa karne ya 19, wafanya biashara wa vitu vya kale walikuwa mabingwa wa kuunga kipande cha zamani na kipande cha leo. Stefano Bardini, aliyefariki mwaka 1922, alijaza nyumba na makumbusho za Ulaya na Marekani, na wataalamu wanaendelea kutenganisha cha kale na cha Bardini. Hasa yalichezewa makasha ya arusi, yale ambayo bibi arusi wa Florence wa karne ya 15 alitilia vyombo vyake kama bibi zetu walivyotilia makashani. Ikiwa mabingwa wa makumbusho walidanganywa, mnunuzi wa kwetu aliyeletewa picha kwa simu ataponaje?

Lakini liko jambo la kujifunza kwa Wataliani, nami nalisema bila haya. Wanavilinda vyao. Mwaka 1939 walitunga sheria namba 1089 ya kuhifadhi vitu vyao vya kale. Mwaka 1969 waliunda kikosi cha polisi, Carabinieri, cha kulinda urithi peke yake. Mwaka 2004 waliziweka sheria zao katika kitabu kimoja, na tangu mabadiliko ya mwaka 2017, kazi ya fundi aliyekwisha kufa, ikipita miaka 70, haitoki Italia bila karatasi. Wanahesabu viti vyao kama benki inavyohesabu noti.

Tena wanayajua majina ya mafundi wao. Giuseppe Maggiolini alikuwa seremala wa kijiji cha Parabiago, karibu na Milan. Alizaliwa mwaka 1738, akafa mwaka 1814, na kwa kuunganisha miti ya rangi mbali mbali alichora maua na nyumba bila kutumia rangi ya brashi. Seremala wa kijiji! Leo jina lake lasomwa vyuoni. Na liko kabati lililoagizwa Florence, katika karakana za mtawala wa nchi, kwa ajili ya mtemi wa Kiingereza mwaka 1726. Mwaka 2004 liliuzwa London kwa paundi zaidi ya milioni 19. Bei ile haikuota ndani ya abunusi. Ilitokana na miaka 278 ya watu kujua nani aliagiza, wapi lilitengenezwa, na nani alilitunza.

Hata Venice ilipokuwa haina uwezo wa kupata samani za Kichina na Kijapani, mafundi wake wa karne ya 18 walikata picha za karatasi, wakazibandika juu ya mbao, wakapaka vanishi nyingi juu yake. Ilikuwa kazi ya bei rahisi, na jina lake kwa Kitaliani lina neno "maskini" ndani yake. Leo kazi hiyo ya kimaskini inagombaniwa na matajiri, kwa sababu wenyewe waliacha kuionea haya.

Nao pia wameonja kurudisha cha watu. Mwaka 1937, baada ya kuivamia Ethiopia, waliubeba mnara wa jiwe wa Axum hadi Rome. Waliahidi kuurudisha katika mkataba wa mwaka 1947. Ulirudi mwaka 2005. Miaka 58 kutoka ahadi hadi kitendo! Mwenye kulinda kiti chake kwa polisi alisahau kwamba na mwenzake ana chake.

NA SISI?

Sisi nasi tunayo sheria. Wangapi kati yetu waijua? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyotungwa uhuru ungali mchanga, yahifadhi kwa kutaja kabisa milango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na macho. Walijua kwamba mlango wa nyumba ya babu waweza kung'olewa usiku ukasafirishwa, na asubuhi wajukuu wakabaki na tundu ukutani.

Fikirini kiti cha enzi, kile cha Lamu, Pate na Siyu: mti mweusi, nakshi za mfupa na pembe, kiti na mgongo vimesukwa kwa kamba nyembamba kama nywele. Kilikuwa kiti cha kumheshimu mgeni. Leo wengi wetu tukitaka kukiona sharti tuingie makumbusho, na vingine vimo nyumba za Ulaya vikiitwa mapambo. Fundi aliyekichonga jina lake hatulijui. Maggiolini twamjua.

Hii ndiyo aibu inayoniuma kuliko wale vijana wawili. Fundi aliyepiga magoti nyuma ya kabati na kusoma mbao kama kitabu anaishi hatua mia tatu kutoka ukumbini. Tangu ujenzi uanze, hakuna aliyemwagiza hata kigoda. Fedha zilizolinunua kabati lile zingejaza ukumbi viti, na masalio yakanunua madawati ya shule ya jirani. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Sikujua kwamba siku moja mithali hiyo itatengenezewa sanamu.

MASHAURI YANGU

Naleta mashauri manne mbele ya mkutano.

Moja: tumshukuru mzee kwa moyo wake, tusimame wote tunapomshukuru, kisha tumwombe azipokee tena zawadi zake. Kukataa kitu si kumkataa mtu.

Mbili: wale vijana wawili wapelekwe makumbusho, kama yatawapokea, pamoja na maandishi ya kueleza walikotoka. Huko watakuwa walimu.

Tatu: kabati lipelekwe kwa wakubwa wa wanyama pori kwa hiari yetu, mzee na kamati wakiwa pamoja, wajulishwe lilivyoingia nchini. Kwenda mwenyewe ni heshima, kuitwa ni fedheha.

Nne: viti, meza na kabati la daftari za tawi zitengenezwe na mafundi wa hapa, na nyuma ya kila kiti pachongwe jina la fundi na mwaka. Miaka mia ijayo, wajukuu wetu wakibishana kama kiti ni cha kale au cha uongo, wasihitaji tochi.

Mzee mwenyewe aliyasikia mashauri haya kutoka kinywani mwangu kabla sijayaandika. Hakufurahi. Alinyamaza, akawatazama wale wawili, akaniuliza lile swali la mtoto lilikuwaje. Nikamrudia. Akasema atakuja Jumamosi.

Njoni nanyi. Njoni wote, akina mama mliobeba mchanga mje kwanza. Na kila mtu aje na mkeka wake, maana ukumbi wetu bado hauna viti, na afadhali kukaa chini kwa hiari yetu kuliko kusimamishwa mlangoni.